Mwamba haukuwa kwenye ripoti ya udongo, sasa mteja wa serikali anatutisha na faini ya kuchelewa. Tufunge saiti?

Msimamizi_Saiti

Wakuu habari za majukumu. Naombeni msaada maana bosi anapiga simu asubuhi na jioni na mimi ndo natakiwa niandike barua.

Niko kwenye mradi wa taasisi ya serikali, jengo pamoja na mfereji wa maji ya mvua, mkataba ni FIDIC (mikataba ya kimataifa ya ujenzi) kitabu chekundu cha 1999 ila una masharti mahsusi kibao yaliyoongezwa na wanasheria wao. Saiti nimeipokea kazi ikiwa katikati, msimamizi wa mwanzo keshahama kampuni kwahiyo mengi nayaokota kwenye mafaili. Ilivyokuwa ni kwamba walipochimba misingi upande mmoja wa jengo wakakutana na mwamba mgumu kweli kweli, wakati ripoti ya udongo tuliyopewa kwenye zabuni inaonesha udongo wa kawaida mpaka chini ya msingi. Injinia mkazi akaja akaangalia akasema endeleeni tu, tutaliweka sawa kwenye malipo. Kwenye muhtasari wa kikao cha saiti kuna mstari mmoja, mkandarasi ameripoti mwamba, mhandisi atatoa maelekezo. Maelekezo hayajaja mpaka leo. Jamaa wakakodi breka (nyundo ya mtambo ya kuvunja mwamba) wakavunja.

Alafu malipo sasa. Hati mbili za malipo konsalta (mhandisi anayesimamia mkataba) kasaini, zimeenda kwa mteja zimelala huko, ukiuliza unaambiwa fungu halijatoka. Juzi tunaletewa barua kwamba tuko nje ya muda, wanaanza kukata faini ya kuchelewa, na mwishoni wanatukumbusha kwamba dhamana ya utendaji ipo na wanaweza kuiita muda wowote.

Bosi anataka tufunge saiti leo, kesho tuko mahakamani. Naomba kujua, ule mstari wa kwenye muhtasari unahesabika kama taarifa ya klemu, yani dai la muda au pesa za nyongeza? Kusimamisha kazi inaruhusiwa? Na bondi (hiyo dhamana) wanaweza kuichukua kweli wakati wao wenyewe wanadaiwa?

kuesi_mtaratibu

Mkuu pole, hii kesi naijua kwa nje na kwa ndani. Kabla hujaandika chochote naomba utenganishe vitu viwili maana naona umevichanganya kwenye kapu moja, hela ya mwamba na muda wa mwamba.

Kitabu chekundu ni mkataba wa kupima. Kazi inapimwa kama ilivyofanyika saiti halafu inazidishwa na bei ya BOQ (jedwali la kazi, vipimo na bei), kifungu cha 12. Kwahiyo kama BOQ yenu ina aitemu ya kuchimba mwamba, hata kama waliweka kiasi kidogo cha kukisia, zile kyubiki zote mlizovunja zinalipwa kwa vipimo, hiyo sio klemu na wala haihitaji kumbembeleza mtu. Na kama kiasi kimepanda zaidi ya asilimia 10 kuna mlango wa kudai bei mpya, ila usiukimbilie, kuna masharti mengine yanaambatana nayo, kwa mfano kiasi kilichobadilika ukizidisha na bei lazima kivuke asilimia 0.01 ya bei ya mkataba iliyokubaliwa na gharama ya kila yuniti iwe imebadilika zaidi ya asilimia 1. Angalia kwanza bei yenu ya mwamba ikoje, isije ikawa ni nzuri alafu mkajifungulia mlango wa kushushwa.

Muda ndo klemu. Hapo unaangukia kifungu cha 4.12, hali ya ardhi ambayo haikutarajiwa, na ile 20.1 ya siku 28. Taarifa lazima itoke ndani ya siku 28 tangu mjue au mlipaswa kujua, ikipita hapo kwa maandishi ya mkataba haki ya muda na haki ya pesa vyote vimekwenda. Maelezo kamili ya klemu ndani ya siku 42, na hizo pia zinahesabiwa tangu siku ile ile mliyojua, watu wengi wanadhani zinaanza baada ya barua.

Sasa ule mstari wa muhtasari. Kuna hukumu ya Uingereza ya 2014, mkandarasi wa Hispania Obrascon dhidi ya serikali ya Gibraltar, barabara na handaki chini ya njia ya ndege. Jaji alisema taarifa haihitaji fomu maalum na isisomwe kwa roho mbaya, ila iwe kwa maandishi na mtu akiisoma aone kwamba hii ni klemu. Mstari wenu unasema tumekuta mwamba. Hausemi tunataka muda. Ni dhaifu sana huo, usiutegemee peke yake. Tafuta kitu kingine kwenye mafaili, barua, imeili, hata programu ya kazi iliyorekebishwa ikapelekwa na barua ya kuisindikiza.

Na nijibu hili, levo za juu ya mwamba (vipimo vya kimo mwamba unapoanzia) zilichukuliwa kabla hamjavunja, na nani alisaini?

Mzee_wa_Zege

Nyie mnamjaza mtoto wa watu vifungu. Kijana, ukishamshitaki mteja wa serikali tenda inayofuata unaipata wapi? Mimi nimezeekea kwenye hizi kazi, barua kali ikifika kule ofisini jina la kampuni linaanza kutajwa kwenye vikao ambavyo wewe hauko. Nendeni mkakae na mkurugenzi mmalizane kiutu uzima. Wengi wanaoshinda klemu ukiwatafuta baada ya miaka kadhaa wamebaki na hukumu ukutani na mitambo imeuzwa.

kuesi_mtaratibu

Mzee shikamoo. Kumalizana kiutu uzima sikatai, ila ukiingia kwa mkurugenzi bila taarifa iliyofika kwa wakati unaingia kuomba. Ukiwa nayo mnaongea.

Injinia_wa_Upande_Ule

Naomba niongee mimi ambaye nakaa upande wa mteja, na nisipigwe mawe.

Mzee hapo juu anadhani barua inatuudhi. Kinachotuudhi sisi ni kukosa barua. Mtumishi wa serikali haogopi mkandarasi, anaogopa mkaguzi wa hesabu atakayekuja miaka mitatu baadae afungue faili aulize hii hela ya mwamba mlilipa kwa karatasi gani. Nikikulipa kwa sababu tulielewana saiti, hapo ninayeitwa kujieleza ni mimi na wewe ulishakula hela yako. Kwahiyo ukiniletea taarifa yenye tarehe, kifungu, picha, levo zilizosainiwa na masaa ya breka, umenipa kitu cha kuweka kwenye faili, hata bosi wangu anasaini usingizi haujamwisha.

Lingine, injinia wenu mkazi aliposema endeleeni yawezekana kabisa hakuwa na mamlaka. Masharti mahsusi mengi ya serikali yanasema mhandisi hawezi kuidhinisha veriesheni (mabadiliko ya kazi) inayozidi kiwango fulani bila kibali cha mteja kwa maandishi, soma 3.1 kwenye masharti mahsusi yenu utaikuta. Ila nawapa siri ambayo wakandarasi wengi hawaitumii, ipo 3.3 ya hicho kitabu cha 1999. Mhandisi akitoa agizo kwa mdomo, wewe ukamwandikia kuthibitisha ndani ya siku mbili za kazi, na yeye asipokataa kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi baada ya kupokea, barua yako inageuka kuwa ndo agizo lenyewe. Mistari mitatu tu ile, leo tarehe fulani saa fulani umetuagiza tuendelee kuvunja mwamba kati ya mhimili huu na huu wa mchoro, tunathibitisha. Kwa mwamba wa zamani umechelewa, ila kama kuna kipande bado hakijavunjwa anza kuitumia.

Kuhusu faini, hatuwezi kukata hivi hivi tu kwa barua ya vitisho. Kwenye 2.5 mteja nae anatakiwa atoe taarifa ya dai lake na maelezo, mhandisi akae afanye uamuzi kwa 3.5, ndo ikatwe. Mteja hana zile siku 28 kwenye kitabu cha 1999, anaambiwa tu atoe mapema inavyowezekana, na hilo wakandarasi wamelilalamikia sana mpaka toleo la 2017 likaweka siku 28 kwa pande zote mbili. Uliza kama mhandisi ameshafanya huo uamuzi, nahisi bado.

Wakili_Kimya

Naingia kwenye maswali mawili yaliyobaki, kusimamisha kazi na bondi, na hili la mahakama.

Mahakamani kesho hapana. Mkataba una kifungu cha abitresheni (usuluhishi nje ya mahakama), mkifungua kesi wenzenu watakachofanya ni kuomba shauri lisimame mpaka mpite njia mliyokubaliana, na watapewa, nyie mmelipa ada na mmepoteza miezi. Njia yenyewe ni bodi ya kutatua migogoro kwanza, ina siku 84 kutoa uamuzi, asiyeridhika ana siku 28 kutoa taarifa ya kutoridhika, zinapita siku 56 za kujaribu kupatana, ndo abitresheni. Angalieni kama bodi iliundwa kweli. Wateja wengi wa serikali wanakwepa kuiunda mwanzoni kwa kisingizio cha gharama na wakandarasi wanakaa kimya, mgogoro ukija hakuna wa kuupokea. Kama haipo kuna 20.8 inayoweza kuwapeleka moja kwa moja abitresheni, ila hilo mumpe wakili wenu asome na masharti mahsusi pembeni.

Kusimamisha kazi kupo, 16.1. Mteja asipolipa ndani ya muda wa 14.7, yani siku 56 tangu mhandisi apokee maombi yenu ya malipo, mnatoa taarifa ya siku zisizopungua 21 kisha mnasimamisha au mnapunguza kasi. Bosi akifunga geti leo bila hizo siku 21 amewapa wenzenu zawadi, maana kesho wanaandika kwamba mmetelekeza kazi, wanaingia 15.2 wanavunja mkataba na bondi wanaiita siku hiyo hiyo. Na kabla ya yote thibitisheni 16.1 haijafutwa, kuna wateja wanaifuta kimya kimya kwenye masharti mahsusi na mtu anakuja kuigundua siku anayoihitaji.

Riba ya malipo yaliyochelewa mnaidai kwa 14.8, asilimia 3 juu ya kiwango cha benki kuu, inakokotolewa kila mwezi juu ya riba ya mwezi uliotangulia, na kifungu chenyewe kinasema hamhitaji taarifa rasmi wala hati ya mhandisi. Nashangaa wakandarasi wangapi wanaiacha mezani eti wasionekane wachoyo.

Bondi. Kama imeandikwa italipwa mara tu inapodaiwa, benki haiulizi nani ana haki. Inaangalia karatasi, inalipa, inawageukia nyie. Kifungu cha 4.2 kinamkataza mteja kuiita nje ya sababu zilizotajwa, ila hilo ni la kugombania baadae wakati hela imeshatoka. Angalieni tarehe ya kuisha pia. Mkataba unamruhusu mteja kuiita yote kama haijaongezwa muda na zimebaki siku 28 kabla ya kuisha na kazi pamoja na marekebisho ya kasoro havijakamilika, watu wanapoteza bondi kwa sababu hiyo ya kipuuzi kuliko sababu zote.

Nampa Mzee wa Zege nusu ya hoja yake, kushinda na kulipwa ni vitu viwili. Kuna ule mgogoro wa bomba la gesi Indonesia, mkandarasi CRW na kampuni ya gesi ya serikali, bodi iliamua mkandarasi alipwe kama dola milioni 17.3 mwaka 2008. Wakabishana kama uamuzi wa bodi unaolalamikiwa unalipwa kwanza au unasubiri, wakazunguka abitresheni na mahakama za Singapore mpaka 2015 ndo mahakama ya rufaa ikamaliza. Miaka saba baada ya kushinda.

Dada_Michoro

Mimi sikubaliani na hii tabia ya kumwambia mkandarasi asithubutu kusimama. Marekani kuna kesi ya zamani sana, Spearin, iliamuliwa na mahakama ya juu 1918. Jamaa alikuwa anaijengea serikali gati kavu la meli kwenye kambi ya jeshi la maji Brooklyn, michoro ya serikali ikamwambia ahamishe bomba la majitaka hivi na hivi, akafanya vile vile. Mvua kubwa ikaja pamoja na maji ya bahari kujaa, bomba likapasuka, gati likafurika. Kumbe kwenye bomba la jirani kulikuwa na ukuta unaozuia maji ambao haukuwa kwenye michoro kabisa na ofisi yao ilikuwa inajua mafuriko ya pale. Spearin akagoma kuendelea mpaka serikali ibebe mzigo wake, serikali ikamfuta kwenye mkataba, na mwisho wa siku akashinda. Mahakama ikasema aliyetoa michoro amedhamini kwamba michoro inafaa, na kile kipengele cha mkandarasi akague eneo mwenyewe hakimwondolei hilo.

Sasa hapa ripoti ya udongo katoa nani?

Wakili_Kimya

Dada hoja nzuri ila ile ni Marekani na usiibebe kwenda nayo popote. Na huyo wa Gibraltar nae alisimamisha kazi, akisema udongo una sumu kuliko ilivyotarajiwa na anataka kubadili usanifu, akavunjiwa mkataba na akashindwa, na rufaa 2015 akashindwa tena. Zaidi ya miaka miwili na nusu kazi ilikuwa imefika robo tu na kidogo. Jaji alisema mkandarasi mzoefu angetakiwa ajifikirie mwenyewe, eneo limetumika kijeshi miaka na miaka, asichukue namba za kwenye ripoti akazidisha na bei basi.

Tofauti kubwa ni kwamba Spearin alijenga mchoro wa serikali, wa Gibraltar alisanifu na kujenga mwenyewe. Msimamizi yuko karibu zaidi na Spearin kwa upande huo, usanifu ni wa mteja. Ila kwa 4.12 swali litakuwa lile lile, mkandarasi mzoefu siku ya zabuni angeutarajia huo mwamba? Kuna mwamba umechomoza juu ya ardhi jirani na saiti? Mashimo ya kupima udongo yalichimbwa mangapi na upande upi?

Msimamizi_Saiti

Wakuu mmenifungua macho, nimeshinda kwenye mafaili tangu jana. Majibu.

Mashimo ya ripoti yako matatu na yote yako upande wa pili wa jengo, upande uliotoka mwamba hakuna hata moja. Nimezunguka eneo lote kwa miguu sijaona jiwe limechomoza popote, ni majani matupu. Ila masharti mahsusi yana kipengele kwamba ripoti ya udongo ni kwa taarifa tu na mteja hawajibiki na usahihi wake.

16.1 ipo haijafutwa. Ila siku 21 zimewekwa ziwe 42.

Alafu nimekuta imeili ya msimamizi aliyepita kwenda kwa injinia mkazi, wiki ile ile waliyokutana na mwamba, anasema tumekuta mwamba mhimili A mpaka D, kasi itashuka, tutahitaji muda wa nyongeza na gharama za breka, tutaleta mchanganuo. Injinia akajibu leta mchanganuo na makadirio ya siku. Mchanganuo haukupelekwa.

kuesi_mtaratibu

Hiyo imeili ndo mradi wako mzima mkuu. Inasema muda, inasema gharama, imefika kwa wakati na mhandisi kaijibu kama klemu. Sasa kimbia kwenye kiambatisho cha zabuni uangalie imeili imeorodheshwa kama njia ya mawasiliano iliyokubalika, maana 1.3 inasema mawasiliano ya kielektroniki ni yale tu yaliyotajwa pale. Kama haijatajwa bado una la kusema, kwamba mradi mzima mnawasiliana kwa imeili na yeye mwenyewe anatoa maagizo kwa imeili, toa mifano mingi.

Zile siku 42 za mchanganuo zimepita lakini hazina ukali sawa na zile 28. Kuchelewa kunahesabiwa kwa kiasi kilichomzuia mhandisi kuchunguza klemu, sio kwamba haki imekufa. Peleka wiki hii.

Injinia_wa_Upande_Ule

Na kile kipengele cha kwa taarifa tu kisiwakatishe tamaa, kila mteja anakiweka. Jibuni kwa ramani, onesheni mashimo matatu yako wapi na mwamba uko wapi, kwenye karatasi moja, A3. Mtu wa manunuzi asiye injinia anaielewa kwa kuiangalia tu, barua ya kurasa tisa hataisoma.

Malipo yenu nayo, uliza kwa barua mteja athibitishe kama fedha ya mradi ipo, 2.4 inawapa haki hiyo na ana siku 28 kujibu. Ni swali la kistaarabu kabisa ila huko ndani linafika mpaka kwa mhasibu mkuu, na mimi nimeona hati zinalipwa kwa sababu tu hakuna aliyetaka kusaini jibu la kwamba hela hakuna.

Mzee_wa_Zege

Hiyo ya 2.4 sikuwa naijua, nimeichukua. Bado nasema bosi wako aende akamwone mkurugenzi, ila aende na hiyo A3.

Msimamizi_Saiti

Asanteni sana. Bosi kakubali tusifunge, tunatoa taarifa ya 16.1 tukiendelea na kazi, na bondi nimeona ina miezi mitano mbele. Kuesi kuhusu levo uliloniuliza, A mpaka C zipo zimesainiwa na seveya wa pande zote mbili. D kuna levo za kwetu tu.

kuesi_mtaratibu

D imeshamwagwa zege?

Msimamizi_Saiti

Nusu. Nusu nyingine mwamba umevunjwa ila msingi uko wazi, zege ni keshokutwa.

kuesi_mtaratibu

Basi zege isubiri. Mwandikie injinia mkazi leo hii kwamba kesho asubuhi mnapima kwa pamoja, atume seveya wake, na kwamba asipotuma mtapima wenyewe na kumpelekea vipimo, kumpa taarifa kabla kazi haijafunikwa kuko 7.3. Kwenye kuta za shimo mstari wa mwamba ulipoanzia si bado unaonekana? Upakeni rangi ya spirei, wekeni stafu ya kupimia pembeni, pigeni picha yenye tarehe, alafu wote wawili wasaini kwenye kitabu cha levo hapo hapo shimoni, msisubiri kurudi ofisini. Hiyo nusu iliyomwagwa mtaikadiria kutoka C na kutoka hapo, injinia mwenye akili hawezi kukataa.